Chama kisichoweza kumnyang'anya mtu kadi

Wa nyuma sogeeni, viti vipo. Haya, kitu kinachowachanganya wanafunzi wangu kila mwaka ni hiki: Republican na Democrat, vile vyama viwili vikubwa vya Marekani, hawana kadi kama tunavyoijua sisi, majimbo mengine unajiandikisha tu kwamba we ni wa upande fulani imetoka hiyo, na hakuna Kamati Kuu ya kukesha inakata majina, mtu anajaza fomu anaingia kura za mchujo na wananchi ndo wanaamua.

Sasa kama chama hakina fimbo, fimbo anayo nani?

Tuwaangalie NRA, chama cha kutetea wenye bunduki Marekani. Walianza 1871 wakifundisha watu kulenga shabaha, siasa ikaja kupamba moto baada ya mkutano wa Cincinnati 1977, wenye msimamo mkali walipowapindua wakubwa wao. Wengi mnadhani nguvu yao ni hela. Hela ipo, ila kumpa mgombea mkononi sheria inabana, PAC, yaani mfuko wa kuchangia wagombea, mwisho dola 5,000 kwa uchaguzi mmoja (kuna mlango mwingine ulifunguliwa 2010 na hukumu ya mahakama ya kesi ya Citizens United, makampuni na vikundi kutumia hela bila kikomo kwenye kampeni bila kumkabidhi mgombea, ule mkubwa kweli, ntaurudia tukipata muda). Kinachowanyima wanasiasa usingizi ni alama. NRA inampa kila mgombea alama, A mpaka F, kama ripoti ya shule vile, inawapelekea wanachama, na wanachama wale hawakosi siku ya mchujo ambayo wenzao wengi hata hawajui kama ipo.

Desemba 2012 Sandy Hook, watoto 20 na watu wazima 6 wameuawa shuleni. Aprili 2013 Seneti inapigia kura pendekezo la kukagua historia ya wanunuzi wa bunduki kwenye maonyesho na mtandaoni, watu kama 9 kati ya 10 walioulizwa wanalitaka, walioliandika ni maseneta Manchin wa Democrat na Toomey wa Republican, wote walishapata A ya NRA! Kura 54 kwa 46, likafa, maana zilihitajika 60. Na seneta mmoja mmoja wa Democrat kutoka Alaska, Arkansas, Montana na North Dakota walilikataa, Rais Obama, wa chama chao, kakasirika hadharani lakini angewanyang'anya kadi gani?

Mnaocheka subirini. 2014 Eric Cantor, namba mbili wa Republican kwenye Baraza la Wawakilishi, hela kibao, kapigwa mchujo kwao Virginia na mwalimu wa chuo, mchumi, karibu hakuna anayemjua. Chama chake kilisikia matokeo kwenye tivii kama nyie tu.

Ndiyo, dada pale, uliza.