Jinsi ya kurekodi nyimbo za bibi na babu kwa simu yako (usizime rekoda!)

Habari zenu wanangu na wadogo zangu, karibuni tena. Leo niko nyumbani Moshi, mnaona migomba hapo nyuma, majogoo nayo mtayasikia. Mimi gita nimeshika tangu kijana, nimepiga bendi, nimepiga maharusi, studio nimeingia za kila aina, ila miaka hii kazi yangu ni kuzunguka Old Moshi, Marangu, Machame, Rombo, saa nyingine navuka mpaka Meru kule Arusha, narekodi wazee wanaoimba nyimbo za zamani. Wengi mmeniuliza mnaanzia wapi na mtu hana maiki wala kompyuta. Simu uliyonayo inatosha kabisa, twende.

Kwanza kabisa safari ya kwanza usirekodi. Nenda na mjukuu wake au mtu wa ukoo anayemfahamu, shikamoo, beba sukari na majani ya chai, kaa, ongea. Mueleze bibi wimbo utaupeleka wapi, maana kuusikiliza nyumbani na kuuweka YouTube ni vitu viwili tofauti kabisa na yeye ana haki ya kukubali kimoja akakataa kingine. Akikuambia huu ni wa jando, huu ni wa unyago, usitoke nje, basi hautoki hata uwe mtamu vipi. Na ujue Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, kwa hiyo kama unawaza biashara ulizia BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kwanza kabla ya kuuza chochote.

Siku ya kurekodi nenda asubuhi mapema, kabla bodaboda hazijaanza kupanda na kushuka. Kipindi cha masika, kuanzia Machi mpaka Mei, uombe tu mvua isikukute chini ya bati, ikianza hapo hakuna kurekodi, funga, kunyweni chai. Chumba kizuri ni kile chenye godoro, mapazia, nguo nyingi, vile vinameza mwangwi, sebule yenye sakafu ya simenti na kuta tupu inarudisha sauti kama uko kisimani. Kama kuna friji, omba ruhusa uizime, alafu funguo zako za nyumbani ziweke ndani ya friji, yani hutaondoka bila kufungua friji na hapo ndo utakumbuka kuiwasha, usije ukaharibu maziwa ya watu.

Sasa simu. Angalia hapa kidole changu kilipo, huku chini karibu na tundu la chaji, haka katundu kadogo ndo maiki, usikazibe na kava. Weka ile alama ya ndege ili mtu asipige katikati ya wimbo. Shusha apu ya kurekodi inayokubali WAV, yani faili la sauti lisilobanwa, ingia kwenye setingi uchague WAV, 48 kHz, na kama ina biti 24 weka hiyo. Ukiwa stereo saa moja inakula kama GB 1, kwa hiyo safisha simu usiku wa jana yake, futa zile video za WhatsApp. Simu usiiweke mezani moja kwa moja, bibi akigonga meza kwa kidole itasikika kama ngoma, kunja khanga mara nne hivi, weka juu ya stuli, simu juu yake, umbali wa shubiri mbili kutoka mdomoni kwake. Kama mko nje na upepo upo, vua soksi safi uivalishe simu upande wa maiki, nimefanya hivo mara nyingi tu inasaidia. Muombe aimbe pale anapopandisha sauti zaidi, uangalie mshale usifike kwenye nyekundu, rekodi nusu dakika, sikiliza kwa hedfoni, alafu ndo muanze.

Haya, bonyeza kurekodi. Na hapa nisikilizeni vizuri kuliko sehemu nyingine zote. UKISHABONYEZA USIZIME. Usizime akikohoa, usizime akisimama kumfukuza kuku, usizime akiacha kuimba akaanza kuongea, tena hapo ndo hasa usizime.

Ona hii kaseti, ya dakika 60, nilirekodi mwaka 1988 kwa bibi mmoja upande wa Old Moshi. Kaseti wakati ule kwangu ilikuwa pesa, kwa hiyo kila akimaliza kuimba akianza kueleza mimi nabonyeza stop, nabana mkanda, akianza wimbo mwingine nabonyeza tena. Nyimbo zipo 11, sauti safi kabisa. Ule wa sita una neno linajirudia mara nne, mwishoni mwa kila ubeti, na kila akilifikia anashusha sauti kidogo kama anamwambia mtu aliye karibu. Nimewapelekea watoto wake, nimewapelekea wazee wanaoongea Kimochi, Kichagga cha Old Moshi, nimeenda mpaka Marangu labda ni Kivunjo, Kichagga cha kule, hakuna anayelijua. Na mimi nakumbuka kabisa, nakumbuka alimaliza ule wimbo akacheka akaanza kunieleza neno lile linatoka wapi, na mimi kidole kilikuwa tayari kwenye stop. Bibi alishafariki. Maelezo aliyatoa, mimi ndo sikuyachukua.

Wenzetu wa zamani walikuwa na sababu ya kukata. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki, alizunguka Tanganyika mwaka 1950 akirekodi, na kazi zake ziko kwenye ILAM, maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha Afrika Kusini 1954, ila santuri za enzi hizo upande mmoja ulibeba kama dakika 3 tu, wimbo lazima ukatwe. Wewe una masaa mfukoni.

Kwa hiyo mwanzo wa rekodi aseme mwenyewe jina lake, kijiji, tarehe, na anaimba kwa lugha gani, na usiandike tu Kichagga, maana wa Machame na wa Rombo wakiongea kila mtu cha kwao hawasikilizani. Alafu uliza alifundishwa na nani, ulikuwa unaimbwa kwenye kazi gani, kukata majani ya ng'ombe, kwenye msaragambo, yani kazi ya pamoja, wa kuchimba mifongo ile mifereji ya maji, kubembeleza mtoto, kumpeleka bibi harusi. Ukimuuliza wimbo ni wa mwaka gani atakwambia ni wa zamani tu na hapo mmefika mwisho. Muulize hivi: huu wimbo ulikuwepo kabla Mwenge haujapandishwa mlimani? Hiyo ni Desemba 1961. Mama yako aliuimba kabla ya KNCU, chama cha ushirika cha kahawa? Hiyo ni 1933. Mzee anahesabu kwa matukio, wewe utaweka miaka baadaye.

Nyimbo nyingi zina kiongozi na waitikiaji, bibi akiimba peke yake unapata nusu, utamsikia ananyamaza pale wenzake wangeitikia. Tafuta jirani wawili watatu wa rika lake. Desemba watu wote wakipanda nyumbani ni wakati mzuri sana, waitikiaji wamejaa boma. Kwa Wamaasai huku upande wa Arusha ndo usiseme, sauti zinapandana, pale simu iweke juu ya kitu kirefu kama mita mbili tatu mbele ya olaranyani, yule anayeongoza, usiisogeze sana karibu utampata yeye peke yake.

Na wanamuziki wenzangu nawaomba, msimpe bibi kii, yani noti ya kuanzia, kwa gita. Noti yake saa nyingine inakaa katikati ya nyuzi zetu, ukimvuta aje kwako unarekodi wimbo wako, sio wake. Kinanda na biti utaweka kwenye nakala nyingine siku nyingine, hii ya kwanza iacheni ilivyo.

Usiku huohuo kabla ya kulala hamisha faili. Lipe jina linaloeleweka, tarehe, kijiji, jina la bibi, namba ya wimbo, usiache "Rekodi 004". Nakala tatu: kompyuta au simu nyingine, fleshi, na moja ikae mbali, mtandaoni au kwa ndugu aliye mji mwingine. Ukituma WhatsApp itume kama dokumenti, ukiituma kama sauti ya kawaida inaweza kubanwa ubora ukapotea. Daftari pia, mstari wa lugha ya bibi juu, Kiswahili chini yake, ukae na mjukuu mkiandika.

Mwisho rudi kwake. Nunua kile kiredio kidogo cha memori kadi, mjazie nyimbo zake zote, mpelekee, mfundishe kitufe cha kuwasha. Na ukimuwashia hapo hapo simu yako iwe inarekodi tena, juu ya khanga ileile, kwa sababu akijisikia atakwambia hapa nimekosea, atakwambia kuna ubeti nimeuruka, na atauimba.