Nguzo Hufia Usawa wa Ardhi

Ndugu zangu, nitasema lile lile ambalo baadhi yenu mmeshalisikia kwangu, na sitaacha kulisema maadamu bado naona nyuzio za bustani zimelala chini baada ya masika mawili tu. Mnahangaika na rangi, mnabishana kuhusu urefu wa mbao, halafu nguzo mnaichimbia kishimo cha kupandia mahindi. Uzio ni nguzo! Mbao ikioza unabandua, unapigilia nyingine. Nguzo ikioza umeanza upya.

Tazameni kipande hiki cha mkaratusi, kimeng'olewa kwenye bustani ya mboga. Mwisho wa chini, gongeni: mgumu. Mwisho wa juu, mgumu vilevile. Hapa katikati, kidole kinazama. Hapa ndipo palipokuwa usawa wa ardhi. Kwa nini hapa? Kuvu wanaoozesha mti wanataka maji na hewa kwa pamoja. Juu hewa ipo, lakini jua na upepo vinaukausha mti. Chini kabisa unyevu upo, hewa ni haba. Shibiri ya kwanza ya udongo ina vyote viwili, tena kwenye bustani vipo mwaka mzima, maana wenyewe mnamwagilia mchicha kila jioni! Na mchwa naye hupandia hapo hapo, akijifunika kwa njia yake ya udongo asipigwe na mwanga.

Najua mtu atasema: mimi nitamwaga zege. Sawa, lakini mti ukikauka hunywea, unaachana na zege, mvua inaingia kwenye ule mwanya na haina pa kutokea. Umeitumbukiza nguzo kwenye kikombe cha maji. Basi tandika kokoto inchi nne chini ya shimo, isimamishe nguzo juu yake, zege ikae ubavuni tu, na uso wake uwe juu kidogo ya udongo, ukiinama kwenda nje. Penye udongo mzito hata zege haihitajiki: rudisha udongo kidogo kidogo, kila tabaka ulishindilie kwa mtaimbo mpaka nguzo isitikisike.

Mwingine ataniambia atapaka nguzo oili chafu ya gereji, inapatikana bure. Haizami ndani ya mti! Inakaa juu juu, mvua inaishusha pamoja na masalia ya metali ya injini, na inakwenda kwenye matuta ya mboga za watoto wako. Hili linaniudhi, sifichi.

Nunueni nguzo zilizotiwa dawa kwa shinikizo kiwandani, zile za rangi ya kijani, kama zinazotoka Mafinga na Njombe. Dawa hunywewa na sehemu ya nje ya mti, kiini hakiinywi. Kwa hiyo ukilazimika kukata, ncha uliyoikata iwe juu, kamwe usiifukie. Na vipande vinavyobaki visiende jikoni: dawa iliyozoeleka ina shaba, kromiamu na aseniki, na aseniki nyingine hubaki kwenye majivu. Mwenye uwezo atafute kiini cha mninga au mkongo.

Naona naoneshwa saa, basi haya yaliyobaki nayataja tu. Nguzo ya futi 8, fukia futi 2 na nusu. Kutoka nguzo hadi nguzo futi 6. Ukizidisha, mbao za mlalo zitapinda. Simamisha nguzo za pembeni kwanza, vuta uzi, zilizobaki zifuate uzi, kila moja uipime kwa timazi. Misumari iwe iliyopakwa zinki. Mbao za wima zisiguse udongo, acha inchi 2. Vifaranga watapita? Panga mawe chini, au weka wavu.

Geti: nguzo yake iwe nene kuliko nyingine na ifukiwe futi 3. Mbao ya mshazari ianzie chini upande wa bawaba, ipande hadi juu upande wa komeo. Mkiigeuza, geti litaanza kuburuza chini.