IST imebadilishwa kontrol boksi halafu inasumbua: pima hivi kabla hujalipia kutuniwa

Habari wadau, karibuni. Leo tuko na Toyota IST, ile toleo la kwanza, mwenyewe kaileta inakula mafuta, sailensa, yaani mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta, haitulii inapanda inashuka, taa ya injini inawaka, na yote haya yameanza baada ya kubadilishiwa kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini. Kaambiwa dawa ni kuituni upya, yaani kubadilisha programu ya boksi. Mimi nasema programu tusiiguse kabisa mpaka tupime, maana kontrol boksi inatoa mafuta kufuatana na inacholetewa na sensa na nyaya, sasa ukibadilisha hesabu za ndani wakati taarifa zinazoingia ni za uongo umeficha ugonjwa tu na injini inazidi kuumia.

Tuanze na namba. Zima swichi, chomoa negativu ya betri, halafu ndo uguse soketi za kontrol boksi, tafadhali sana usizichomoe moto ukiwepo. Angalia stika hii hapa, namba inaanza na 89661 halafu kuna kistari na tarakimu nyingine tano, na hizo tano za mwisho ndo zenye kazi, linganisha na boksi la zamani moja moja. IST hizi kuna NCP60 ya 1300, NCP61 ya 1500, na NCP65 ambayo ni 1500 fowili, inayosukumwa na matairi yote manne, na kwa macho maboksi yanafanana kabisa, hata soketi zinaweza kuingia. Ukifunga la 1300 kwenye 1500 gari inaweza kuwaka ila taimingi, yaani muda wa plagi kuchoma, na hesabu za mzigo ni za injini nyingine, hapo hakuna cha kutuni, rudisha boksi ulikonunua ubadilishiwe. Hii yetu namba ziko sawa, narudisha negativu, tuendelee.

Kama gari yako inapiga starta vizuri lakini haiwaki, au inawaka na kuzima hapo hapo, na taa ya sekyuriti inawaka inazima inawaka, hiyo ni imobilaiza, yaani ulinzi wa wizi, boksi haliitambui funguo. Ukisoma kodi za hitilafu kwa skana utakuta B2799. Kuna Toyota ambazo boksi la imobilaiza liko peke yake, hizo unaunga pini ya 4 na ya 13 kwenye soketi ya dayagnosi, swichi on, unaacha dakika 30 zinatambuana. Ila zile ambazo kodi ya funguo imehifadhiwa ndani ya kontrol boksi lenyewe hiyo njia haisaidii, inabidi fundi ahamishe data ya chipu kutoka boksi la zamani, kwa hiyo la zamani usilitupe wala usiliuze.

Sasa hapa ndo watu wengi wanaruka, athi, ule waya wa negativu unaoenda kwenye bodi na injini. Washa gari, maltimita weka kwenye volti, waya mweusi kwenye negativu ya betri, mwekundu gusa waya wa athi wa kontrol boksi kwa nyuma ya soketi, pini ya E1. Inatakiwa isome chini ya volti 0.1. Ona yetu, 0.48! Karibu nusu volti inapotea, na sensa zinapishana na boksi kwa volti kidogo sana kwa hiyo hiyo nusu ni kubwa mno. Nafuata waya mpaka kwenye injini, bolti hii hapa imelegea na ina kutu, nasugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, nakaza, napima tena... 0.03. Safi.

Na kama wewe ukifungua swichi taa ya injini haiwaki kabisa na skana haiunganishi, usiseme boksi limekufa, pima kwanza zile volti 5 zinazoenda kwenye sensa. Zikikosekana chomoa sensa moja moja, ukichomoa moja na volti 5 zikarudi basi hiyo ndo imepiga shoti.

Haya, tulifundishe boksi sailensa upya. Zima AC, taa, redio, kila kitu, washa na uiache bila kugusa mafuta mpaka feni izunguke yenyewe, halafu washa AC uiache tena dakika chache. Kama throto, ule mlango wa hewa ya injini, ina masizi isafishe kabla, vinginevyo boksi litajifunza na uchafu.

Ikishapata moto fungua laivu data kwenye skana, tafuta fyueli trimu, yaani asilimia ya mafuta ambayo boksi linaongeza au kupunguza, ya muda mfupi na ya muda mrefu, zijumlishe. Ndani ya kumi, iwe chanya au hasi, hamna shida. Yetu sailensa inasoma +23, yaani boksi linaongeza mafuta kwa nguvu kwa sababu linaona hewa imezidi. Nakanyaga mpaka mizunguko 2500 kwa dakika nashikilia, inashuka mpaka +4. Ikishuka hivyo kuna hewa inaingia pembeni baada ya sensa ya hewa. Ingekuwa inapanda ukikanyaga ningeenda kwenye presha ya pampu, inatakiwa kama psi 44 mpaka 50, au sensa ya hewa iliyochafuka. Tazama kipaipu hiki cha mvuke wa injini, nikikikunja kinafunguka mpasuko upande wa chini ambao kwa juu huuoni, tunaweka kipya.

Futa kodi, endesha barabarani, usizunguke tu gereji, panda nayo mlima, kaa nayo foleni, halafu soma tena. Sasa hivi iko +3 na sailensa imetulia kwenye 700. Ingebaki vibaya baada ya haya yote ndo ningeongelea programu, na hapo hakikisha betri iko kwenye chaja muda wote wa kuandika, volti zikishuka katikati boksi linakufa kweli.