Ukimtajia Mwairishi jina, anakuuliza la wapi

Haya jamani, asanteni kuja, najua Jumamosi mchana kila mtu ana mambo yake na leo nje kuna jua, na jua la Cork, huku kusini mwa Ireland, si la kuchezea. Nimeambiwa niongee kuhusu majina ya koo za Waairishi na maeneo yao. Niseme mapema mimi sio profesa, miaka yangu ya kwanza hapa nilikuwa nahudumia wazee kwenye makao ya wazee na shule yangu ya historia ndo ilikuwa pale pale, maana ukimpelekea mzee chai ukamwambia leo tuna mfanyakazi mpya, swali la kwanza anaitwa nani, unamjibu O'Driscoll, basi mzee anaweka kikombe chini, aah huyo atakuwa wa Baltimore, au Skibbereen, muulize babu yake alikuwa mvuvi? Unaenda kuuliza na kweli babu alikuwa mvuvi! (Baltimore ya hapa hapa jamani, kijiji cha baharini huko magharibi mwa Cork, sio ile ya Marekani.) Nikawa najiuliza hawa wazee wanapiga ramli au vipi. Kumbe wanasoma ramani tu, ila ramani yenyewe iko kwenye jina.

Tuanze na hizo Ó (kwa Kiingereza wanaandika O') na Mac za mwanzo wa majina ambazo mnaziona kila siku. Mac ni mtoto wa kiume wa fulani, Ó ni mjukuu, au uzao wa fulani. Sisi tungesema bin, si ndio, lakini bin ya kwetu kwa kawaida inatembea, Ali bin Juma, mtoto wake Salum bin Ali, kila kizazi jina jipya. Wenzetu hawa walifika mahali wakaligandisha, wakasema kuanzia babu huyu sote tunabaki na jina lake hata tukifika kitukuu cha kitukuu. Na waliwahi sana, karne ya 10 na ya 11 huko, wakati sehemu kubwa ya Ulaya watu bado wanaitana kwa jina moja tu. Moja ya majina ya zamani kabisa yaliyoandikwa ni Ó Cléirigh, mtawala wa Aidhne huko kusini mwa Galway, ametajwa kwenye kumbukumbu za mwaka 916 kwamba amefariki.

Mfano mnaoujua wengi ni Brian Boru, mfalme mkuu aliyeuawa Clontarf, hapo Dublin, mwaka 1014. Yeye mwenyewe hakuwa O'Brien, hapo watu wengi wanakosea, baba yake aliitwa Cennétig na yeye alikuwa Brian wa Cennétig basi. Uzao wake ndo ukaanza kujiita O'Brien, na nchi yao ni Thomond, yaani Clare na pande za Limerick, na mpaka leo ukiwa Clare ukirusha jiwe linaweza kumpata O'Brien au McNamara. Alafu hilo jina Cennétig msilipite haraka haraka, mtoto wa kaka yake Brian alipewa jina hilo hilo, na kwake yeye ndo umetoka ukoo wa Kennedy. Ndio, Kennedy hao hao.

Wanawake je? Dada hapo nyuma naona anataka kuuliza. Kwa Kiairishi chenyewe mwanamke haitwi Ó maana hawezi kuwa mjukuu wa kiume, binti wa kina Ó Briain anakuwa Ní Bhriain, na akiolewa huko anakuwa Uí Bhriain, kwa hiyo ukimwona baba, mama na binti kwenye karatasi za shule ya Kiairishi unaweza kudhani ni familia tatu.

Sasa ardhi, maana hapa ndo kwenyewe. Maeneo mengi ya nchi hii yana majina ya watu, sio watu kuwa na majina ya maeneo. Kaunti ya Tyrone kwa Kiairishi ni Tír Eoghain, nchi ya Eoghan. Donegal zamani ilikuwa Tír Chonaill, nchi ya Conall. Masimulizi yanasema Eoghan na Conall walikuwa ndugu, watoto wa Niall wa Mateka Tisa, mfalme wa kale. Kwa Eoghan wakatoka kina O'Neill (ila jina lenyewe la O'Neill ni la Niall mwingine wa baadaye, aliyeuawa vitani karibu na Dublin mwaka 919) na kwa Conall wakatoka kina O'Donnell, na ndugu hawa wakapigana karne na karne, kama ilivyo kawaida ya ndugu wanaopakana shamba.

Na kupigana kwenyewe kulikuwa na sababu ya kisheria. Chifu akifa mrithi sio lazima mtoto wake wa kwanza, mwanaume yeyote wa ndani ya vizazi vinne, yaani wale mnaoshea babu mzaa babu, alikuwa na haki ya kuchaguliwa. Kwa hiyo fikiria binamu kumi na tano wote wana haki, wote wana farasi na watu wao! Akishapatikana mshindi, kina O'Neill walikuwa wanamsimika Tullyhogue, kilima kiko Tyrone mpaka leo, na walinzi wa kilima hicho walikuwa ukoo mwingine kabisa, kina O'Hagan, hiyo ndo ilikuwa kazi yao. Kulikuwa na kiti cha mawe cha kusimikia, na mwaka 1602 jenerali wa Kiingereza, Mountjoy, alifika akakivunja vipande vipande. Alijua anachokifanya yule. Unaweza kumuua chifu mmoja wakachagua mwingine kesho, lakini mahali pa kumsimika kakuondolea.

Kulikuwa pia na koo za kazi, Hickey walikuwa waganga wa kina O'Brien, Ward ni Mac an Bhaird, mtoto wa mshairi, Egan walikuwa wanasheria. Baharini Mayo kulikuwa na kina O'Malley, na huyo Gráinne wao, mwanamke aliyeongoza meli na mabaharia, mwaka 1593 alienda mpaka Uingereza kuongea na malkia Elizabeth uso kwa uso. Na hapa kwetu Cork ni McCarthy, ngome ya Blarney ambako watalii wanapanga foleni kubusu jiwe ilikuwa yao.

Sasa nawaharibia kidogo. Sio kila wenye jina moja ni ndugu. Murphy ndo jina lenye watu wengi kuliko yote, makadirio ya mwaka 1890 yaliwapa kama 62,600, wakifuatiwa na Kelly 55,900. Murphy ni Ó Murchadha, Murchadh maana yake shujaa wa bahari, na lilikuwa jina zuri watu wengi wakawapa watoto wao, kwa hiyo Murphy wa Wexford na Murphy wa Cork wametoka kwa kina Murchadh tofauti kabisa. Ndo maana yule mzee haridhiki na jina, anauliza la wapi. Duka linalokuuzia kikombe chenye nembo ya ukoo wa Murphy linakuuzia kikombe tu, maana nembo alikuwa anapewa mtu, sio kila mwenye jina.

Alafu kuna waliokuja wakabaki. Doyle ni mgeni mweusi, jina linalohusishwa na Waviking, wale mabaharia wavamizi wa Skandinavia. Walsh maana yake mtu wa Wales. Burke na Fitzgerald ni Wanormani, wapiganaji wenye asili ya Ufaransa waliokuja na vita baada ya 1169, na Fitz ni mtoto wa, ile ile Mac kwa Kifaransa chao cha zamani. Ila Fitzpatrick ni Mwairishi asilia, ni Mac Giolla Phádraig aliyevalishwa koti la Kinormani.

Na koti ndo stori yenyewe. Mwaka 1465 ilipitishwa sheria kwamba Mwairishi anayeishi kati ya Waingereza huko Dublin na kaunti za jirani achukue jina la Kiingereza, la mji, la rangi, la kazi au la cheo. Baadaye, mwaka 1607, machifu wa kaskazini wakapanda meli Rathmullan wakaenda zao Ulaya, ardhi yao ikagawiwa walowezi kuanzia 1609, na waliobaki taratibu wakaanza kudondosha Ó na Mac maana havikuwa vinakusaidia kitu ukienda kuomba kazi au kukodi shamba. Makarani nao wakawa wanatafsiri kwa kubahatisha. Mac an tSaoir ni mtoto wa seremala, wengine wakawa McAteer, wengine Carpenter, na kwa sababu saor pia ni mtu huru, wengine wakawa Freeman! Baba mmoja majina matatu. Kina Mac Conraoi wa Galway wamekuwa King kwa sababu tu rí ni mfalme na karani alisikia kitu kama hicho. Ila ile ya kwamba majina yalibadilishwa Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji New York, na maofisa wa uhamiaji, hapana, wale walikuwa wanasoma orodha iliyokuja na meli, jina lilishaharibika kabla ya kupanda.

Eeh, nilijua mtu atauliza Obama. Upande wa mama yake kuna Falmouth Kearney, mtoto wa fundi viatu, aliyeondoka Moneygall mwaka 1850 wakati wa njaa ile ya viazi. Obama alienda pale Mei 2011, akanywa pinti yake, akatania kwamba kaja kutafuta ile apostrofi iliyopotea, kana kwamba yeye ni O'Bama. Sasa angalieni, Kearney inaweza kuwa Ó Cearnaigh wa huku Cashel, Tipperary, au Ó Catharnaigh wa pande za Meath na Offaly ambao chifu wao aliitwa Mbweha na ndo maana ndugu zao wengine leo wanaitwa Fox. Na Moneygall iko wapi? Iko Offaly, mpakani kabisa na Tipperary. Kwa jina peke yake humjui ni wa upande gani.

Mama hapo mbele, watoto wako baba yao ni Ryan, unataka kujua utaanzia wapi. Usianzie kwenye sensa za karne ya 19, za 1821 mpaka 1851 nyingi ziliungua mwaka 1922 jengo la kumbukumbu la Dublin lilipolipuka vitani, na za 1861 mpaka 1891 serikali yenyewe ilikuwa imeshaziharibu kabla ya hapo. Sensa ya 1901 na ya 1911 zipo bure intaneti, ukitoka hapo kuna orodha ya Griffith ya wapangaji wa ardhi, 1847 mpaka 1864, inakupa mpaka kijiji. Lakini kina Ryan wa Tipperary ni wengi mno mpaka kila tawi limepewa jina la utani, kuna Ryan Bawn, yaani weupe, na wengine kibao, na hilo huwezi kulipata kwenye karatasi. Kwa hiyo kabla hujafungua kompyuta mpigie simu bibi yao, muulize wao ni Ryan gani.