Jinsi ya Kusoma Picha ya Zamani ya Pikipiki ya Kazi

Karibuni, watazamaji wapendwa. Hapa mezani nina picha moja ya karatasi, yenye ukubwa wa kadi ya posta, inayomwonyesha kijana aliyeketi juu ya pikipiki ya Kiingereza. Amevaa koti zito la mvua, na nyuma yake, juu ya keria, kuna mfuko wa ngozi uliofungwa kwa kanda mbili. Katika video hii nitawaonyesha namna ya kupata kutoka kwa picha kama hii majibu ya maswali mawili: ilipigwa lini, na pikipiki hiyo ilikuwa ikifanya kazi gani.

Watu wengi huanza na jina lililoandikwa kwenye tangi, hulitafuta kwenye intaneti, kisha huandika mwaka wa kwanza wanaoukuta. Msianze hapo. Pikipiki ya kazi huendeshwa mpaka ichoke, hubadilishwa taa, hupachikwa tangi la mwenzake, na huweza kupigwa picha miaka kumi au ishirini baada ya kutoka kiwandani.

Hatua ya kwanza ni kuandaa meza. Nawa mikono uikaushe vizuri, tandika karatasi nyeupe, kisha weka karibu nawe lenzi ya kukuza, penseli laini na taa ya meza inayoweza kuinamishwa. Shika picha kwa kingo zake tu. Usiifute uso kwa kitambaa chenye maji, wala usijaribu kuondoa doa kwa mate, kwa maana tabaka linalobeba taswira ni jembamba na likilowa huambuka. Sasa inamisha taa mpaka mwanga upite karibu sambamba na uso wa picha. Mnaona hapa pembeni, chini kulia? Kuna mhuri uliogandamizwa bila wino, ambao ukitazamwa chini ya taa ya dari hauonekani kabisa. Mara nyingi mpiga picha wa mjini aliweka jina lake na mji wake mahali kama hapo.

Hatua ya pili, geuza nyuma. Ikiwa picha imechapwa kwenye kadi ya posta, tazama kama upande huo umegawanywa kwa mstari, ujumbe kushoto na anwani kulia. Mgawanyo huo uliruhusiwa Uingereza mwaka 1902 na Marekani mwaka 1907, kwa hiyo kadi ya Kimarekani yenye mstari haiwezi kuwa ya mwaka 1905, hata kama mtu ameandika hivyo kwa kalamu. Kwa kadi za Marekani, chunguza pia kisanduku cha stempu. Karatasi ya picha ya chapa ya AZO, yenye pembetatu nne zilizoelekea juu kwenye kisanduku hicho, kwa kawaida ni ya kati ya 1904 na 1918, na yenye mbili juu na mbili chini ni ya kuanzia 1918 hadi karibu 1930. Kumbukeni tu kwamba mpiga picha wa kijijini aliweza kukaa na boksi la karatasi kwa miaka kadhaa kabla ya kulimaliza.

Hatua ya tatu ni kuskani. Tumia nukta 600 kwa inchi, au 1200 kama picha ni ndogo kuliko kiganja, na uhifadhi faili la TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha, lisiloguswa kabla ya kutengeneza nakala ya kufanyia kazi. Skani kwa rangi hata kama picha ni nyeusi na nyeupe, kwani rangi husaidia kutenganisha doa la kahawia na kivuli halisi.

Sasa tunafika mahali ambapo nawaomba msiwe na haraka, nako ni kwenye rangi ambazo hatuzioni. Bamba za kioo na filamu nyingi za mwanzoni mwa karne ya 20 hazikuhisi mwanga mwekundu, lakini zilihisi sana mwanga wa buluu. Matokeo yake ni kwamba chekundu hutoka karibu cheusi, na buluu hutoka imepauka. Pikipiki za Indian kutoka Springfield, Massachusetts, zilisifika kwa wekundu wake, lakini katika picha za miaka ya 1910 tangi lake huonekana kama limepakwa lami. Jambo hilohilo huwapata matarishi wa jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Matarishi hao, waliopeleka ujumbe kwa pikipiki, walivaa mkononi utepe wa buluu na nyeupe, na kwa kuwa nusu ya buluu hupauka, utepe wote huonekana kama kitambaa cheupe ambacho mtu angedhani ni bendeji. Ukiona bendeji ya namna hiyo kwenye mkono wa mwanajeshi mwenye afya njema anayeendesha pikipiki, rudi uitazame kwa lenzi.

Hatua ya nne ni mashine yenyewe, na hapa tutaisoma kutoka nyuma kwenda mbele. Tazameni gurudumu la nyuma: ndani yake kuna duara la pili, pana kidogo, linalokaribia ukubwa wa rimu. Hilo ni duara la mkanda, maana yake pikipiki hii inasukumwa kwa mkanda, si kwa mnyororo, na katika pikipiki kubwa za Kiingereza mnyororo uliushinda mkanda katika miaka ya 1920. Pandeni juu kwenye tangi. Limebanwa kati ya mabomba mawili ya fremu kama kitabu rafuni, tofauti na matangi ya baadaye, yaliyoenea mwishoni mwa miaka ya 1920, ambayo hukaa juu ya bomba kama tandiko juu ya punda. Taa ya mbele ni ya gesi ya asetilini, iliyotokana na maji kudondokea mawe ya kabidi, na kipira chembamba cha kupitishia gesi kinaonekana kikishuka kutoka kwenye taa.

Kisha uma wa mbele, yaani vyuma vinavyoshika gurudumu la mbele. Kuna springi moja iliyolala mbele ya usukani, na imezungushiwa mshipi wa ngozi. Mshipi huo si pambo. Hii ni Triumph Model H, iliyotengenezwa Coventry kuanzia mwaka 1915, yenye injini ya sentimita za ujazo 550, ambayo jeshi liliinunua kwa maelfu. Springi yake ilikuwa na tabia ya kukatika kwenye njia mbovu, na matarishi waliizungushia mshipi ili ikikatika, uma usianguke mbele na kumrusha mtu. Mimi nikiona alama kama hiyo hufurahi kuliko kuona jina la kiwanda, kwa sababu jina laweza kupakwa na yeyote, lakini mshipi hufungwa na mtu anayeijua njia atakayopita.

Hapa ndipo nilipokosea mara ya kwanza nilipoishika picha hii. Nilijumlisha Triumph, mshipi, koti na mfuko, nikaandika: tarishi wa jeshi, 1917. Siku chache baadaye nilipoikuza, nikaona kitu kidogo cha mviringo kimefungwa ubavuni mwa uma. Ni kibebeo cha stakabadhi ya ushuru wa barabara, ile ya duara, ambayo Uingereza iliianzisha Januari 1921. Vita vilikuwa vimekwisha, jeshi lilikuwa limekwisha kuuza pikipiki zake za ziada kwa raia, na kijana huyu hakuwa mwanajeshi hata kidogo.

Kwa hiyo kanuni ya hatua ya tano ni hii: picha haiwezi kuwa ya zamani kuliko kitu kipya kabisa kilichomo ndani yake. Usipime kwa kitu cha kale; cha kale huendelea kutumika. Orodhesha kila kitu unachoweza kukipa mwaka, pamoja na gari lililo nyuma, tangazo la ukutani na mtindo wa kofia, kisha chukua kile kilichochelewa kuliko vyote. Namba ya usajili nayo husaidia, ila kwa tahadhari. Uingereza ilianza kusajili vyombo vya moto mwaka 1904, na herufi zilionyesha eneo, kwa mfano DU zilikuwa za Coventry. Herufi hizo zinakwambia mahali pikipiki iliposajiliwa, wala hazikwambii mahali iliposimama siku ya picha. Namba iliyopakwa pande zote mbili za kibao kilicho juu ya madigadi ya mbele haikufikishi mbali, kwani ililazimishwa huko mpaka mwaka 1975.

Hatua ya sita ni kutambua kazi, na hapa acha mashine utazame mzigo, kama vile unavyomtambua bodaboda wa maziwa kwa madumu yake kabla hujaangalia anaendesha pikipiki gani. Sanduku refu lenye kifuniko, lililokaa juu ya kigari cha ubavuni, na mtu mwenye sare aliyenyoosha mkono kwenye kofia, ni mlinzi wa barabara wa chama cha wenye magari cha Uingereza, AA, kilichoanzishwa mwaka 1905. Ndani ya sanduku mlikuwa na vifaa vya kutengenezea magari ya wanachama yaliyoharibika njiani. Saluti yake ilikuwa na siri. Baada ya mahakama kuamua mwaka 1910 kwamba kumwonya dereva juu ya mtego wa polisi wa kunasa wanaokwenda kasi ni kosa, mlinzi alionya kwa kutopiga saluti, na mwanachama asiyepigiwa saluti alitakiwa asimame aulize kuna nini. Kama pikipiki ni BSA M21, picha ni ya miongo ya mwisho ya utaratibu huo.

Magurudumu matatu na sanduku nyuma, katika mtaa wa Marekani, mara nyingi ni Harley-Davidson Servi-Car, iliyotengenezwa kuanzia 1932 hadi 1973. Gereji ilimtuma fundi nayo kwa mteja. Fundi aliifunga nyuma ya gari la mteja kwa chuma cha kuvutia, akaendesha gari hadi gereji, na baadaye akalirudisha kwa mtindo uleule. Ikiwa mwendeshaji ni polisi na ameshika kijiti chenye chaki, anatia alama kwenye matairi ya magari yaliyoegeshwa apate kujua yaliyopitisha muda. Injini yake ilibaki ya muundo uleule wa valvu za pembeni hadi mwisho, kwa hiyo ni mtego mkubwa kwa anayekadiria mwaka kwa kutazama injini.

Na pikipiki ndogo yenye kijana mwenye sare ya posta ya Uingereza ni ya kupeleka telegramu. Ikiwa ni BSA Bantam, picha haiwezi kutangulia mwaka 1948.

Hatua ya mwisho ni kuandika. Andika kwa penseli laini, si kalamu, nyuma ya picha karibu na ukingo, bila kukandamiza, na utenganishe ulichokiona na ulichokidhania. Yangu sasa inasomeka hivi: “Triumph Model H, Uingereza, baada ya Januari 1921 (kibebeo cha stakabadhi). Springi imefungwa mshipi. Mwendeshaji hajulikani. Kupeleka barua au vifurushi: dhana, kutokana na mfuko wa keria.” Pulizeni vumbi la penseli, kisha muitie picha kwenye bahasha ya karatasi isiyo na asidi, uso wake ukielekea upande usio na gundi.