Kibao cha Ukutani kutokana na Vipande vya Maduka ya Kale ya Kisumu

Karibuni, watazamaji. Leo tutatengeneza kibao cha ukutani cha sentimita 60 kwa 40 kwa kutumia mabaki ya maduka yaliyotelekezwa mjini Kisumu, ambao ulikua baada ya reli kufika ziwani mwaka 1901, na ambao wafanyabiashara wake wa Kihindi waliezeka baadhi ya majengo kwa vigae vyekundu vya Mangalore, mji wa India.

Kwanza, omba ruhusa. Jengo bovu nalo lina mwenyewe, na lililotangazwa kuwa turathi linalindwa na sheria ya mwaka 2006, hata kama mlango wake umeng'oka. Chukua vigae vilivyokwisha kuanguka, vipande vya sakafu na mbao za madirisha. Mabati ya kijivu ya saruji yaache kabisa, kwa kuwa huenda yana asbesto, nyuzi zinazodhuru mapafu.

Sasa tunasafisha, na hapa ninawasihi msiharakishe. Rangi ya zamani huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa watoto, kwa hiyo usipige msasa wala usikwangue rangi ikiwa kavu. Ifute kwa kitambaa chenye maji, watoto wakiwa mbali, kisha uipake vanishi ili isipukutike. Wapo mafundi wanaong'arisha kila kipande hadi kifanane na kilichonunuliwa jana dukani, nami sikubaliani nao, maana tabaka la buluu juu ya kijani ndilo linalomweleza mtazamaji kwamba duka lilibadilisha wenyewe.

Panga vipande mezani bila saruji, ukivihamisha hadi uridhike, kisha upige picha ya mpangilio huo. Loweka vigae majini kwa saa moja hivi, kwa sababu kigae kikavu hufyonza maji ya saruji na baadaye hubanduka, mbao usiziloweke.

Changanya kipimo kimoja cha saruji na vitatu vya mchanga, ujaze nusu ya fremu yenye ukubwa wa kibao chako, utandaze wavu wa kuku, umalizie hadi unene wa sentimita 4, halafu udidimize vipande ukifuata picha. Funika kwa gunia bichi kwa siku 7, ukilinyunyizia maji asubuhi na jioni.

Kibao hiki kitafikia takriban kilo 20. Kifunge kwa bolti kwenye ukuta wa mawe au matofali, kamwe si kwenye ukuta wa mabati.