Aliyechanga ndiye atakayekupigia debe

Asalaam alaykum, hamjambo nyote. Nimefurahi kuona viti vya mbele vimejaa. Sisi watu wa Mombasa kwa kawaida huanza kujaza nyuma, karibu na mlango.

Nimeitwa nizungumzie kuitangaza mtandaoni filamu fupi iliyotengenezwa kwa michango ya watu. Nina neno moja tu, nalo nitalizungusha mpaka tulielewe. Tunapochangisha huwa twadhani twatafuta pesa. Kumbe twatafuta watu, na pesa ni njia ya kuwaandikisha.

Hebu fungueni simu zenu mtazame kikundi chochote cha WhatsApp cha kuchangia harusi. Msinidanganye, kila mmoja hapa yumo kwenye vitatu au vinne. Kuna orodha: 1. Bi Mwanaisha 1,000. 2. Mjomba Omari 500. 3. Jirani wa Kibokoni 200. Kila anayetuma M-Pesa huinakili orodha nzima, akaongeza jina lake chini, akairudisha kikundini. Kila ikirudi, watu wote wanaiona harusi upya, na yule asiyetoa anaanza kuona haya. Hakuna aliyelipwa kuitangaza harusi ile! Kabla ya M-Pesa kuja mwaka 2007 lilikuwa daftari likipitishwa nyumba kwa nyumba. Kilichoongezeka ni kasi.

Wenzetu wa ng'ambo waliifikia hekima hiyo kwa njia yao. Kickstarter, tovuti ya kuchangishia kazi za ubunifu iliyoanza 2009, ina sharti moja gumu: usipofikisha kiasi ulichotaja, hakuna mchangiaji anayekatwa hata senti. Basi aliyeahidi kutoa huanza kuwaandama rafiki zake, maana wasipokuja, filamu aliyoipenda haitakuwapo. Mwishoni mwa 2013 Msweden mmoja, David Sandberg, aliweka pale trela, yaani kionjo kifupi, ya filamu yake *Kung Fury* akaomba dola 200,000. Walijitokeza watu zaidi ya 17,000, wakampa zaidi ya dola 630,000. Filamu yenyewe ni ya dakika 31. Ilipotolewa bure YouTube mwezi Mei 2015, hakuanza kutafuta mtazamaji wa kwanza. Alikuwa na maelfu waliosubiri mwaka mzima na zaidi, kila mmoja akiiita "filamu yetu".

Kickstarter haimruhusu mtu aliye Kenya kufungua kampeni, kwa hivyo msiihangaikie. Kuna M-Changa, jukwaa la kuchangisha la hapa kwetu, na kuna namba ya simu ya mweka hazina mwaminifu. Ila muwe na daftari la majina. Hilo daftari lina thamani kuliko kamera mliyokodi.

Nalisema hili kwa sababu liliniuma. Tulitengeneza filamu ya dakika 14 juu ya mama anayeuza mahamri kwenye feri ya Likoni. Watu mia na kitu walichanga. Pesa zilipoingia, nikanyamaza miezi mitano. Eti nilikuwa kazini, nakata picha, natafuta muziki. Trela ilipokuwa tayari nikawatumia wote kwa mpigo mmoja na maneno "tafadhali sambazeni". Alama za buluu zikatokea, wameona. Hakuna aliyesambaza. Shangazi yangu, aliyetoa shilingi 200, ndiye pekee aliyejibu: "Mwanangu, siku ya pesa ulinijulia hali asubuhi na jioni. Zimeingia, hata salamu sikupata. Leo ndio umenikumbuka?"

Shangazi yangu yumo kwenye vikundi kumi na vitatu. Mimi nilikuwa na ukurasa wa wafuasi ambao nusu yao sijui ni kina nani.

Safari iliyofuata nilibadilika. Kila wiki tuliwatumia wachangiaji kitu kidogo: mwigizaji wetu amelowa chapachapa baada ya mvua kutuvamia pale ufukweni Mama Ngina, au sufuria ya mbaazi iliyoungua kwa sababu tulirudia tukio mara sita. Vitu vya kuchekesha. Bango rasmi lenye nembo kumi na moja halisambazwi na mtu, lakini mbaazi zilizoungua zilifika Lamu. Na kila mchangiaji tulimtengenezea picha yenye jina lake, ya kuweka kwenye stetasi ya WhatsApp. Stetasi huishi saa 24 tu, kwa hivyo tulizituma baada ya magharibi, watu wakiwa wametulia na simu mkononi. Ukiituma usiku wa manane umeitupa theluthi ya umri wake kwa watu waliolala.

Kuhusu matangazo ya kulipia, sina mengi. Niliwahi kulipa shilingi 2,000, nikapata dole gumba nyingi kutoka miji nisiyoijua. Hakuna hata mmoja aliyekuja ukumbini.

Jambo la haraka kabla sijasahau: msiiweke filamu nzima mtandaoni kwa pupa. Baadhi ya matamasha ya filamu hutaka filamu ambayo haijaonekana hadharani, kwa hivyo anzeni huko. Na mkitaka kuionyesha hadharani hapa Kenya, ipelekeni kwanza kwa Bodi ya Uainishaji wa Filamu, mpewe daraja lake la umri wa watazamaji.

Sasa trela. Mnaihariri kwenye kompyuta kubwa, chumba kina giza, mmevaa vipokea sauti. Mtazamaji wenu amekaa kwenye matatu ya Bamburi, kioo cha simu kina ufa, mwanga ameupunguza kulinda chaji, sauti ameizima, na bando lake ni la shilingi 20. Ukimwanzishia kwa nembo ya kampuni yako inayozunguka taratibu, ameshapita. Mpe uso wa mtu mwenye shida. Maneno yaandikwe kwenye skrini, kwa Kiswahili, makubwa. Na picha isimame wima, kwa sababu hataigeuza simu kwa ajili yako.

Najua baadhi yenu mmekuja na trela zenu. Haya, nani anaanza? Wewe wa kanzu, lete simu. Hapana, usiunganishe spika. Tutaitazama hivyo hivyo, kimya.